Nyumba Kumi na Moja

Zipu ya begi hulia hata ukiivuta taratibu. Kabla jogoo hajawika, Bibi Kalista aliisikia ng'ambo ya ukuta: krrr kidogo, kimya, krrr kidogo tena, kama ya mtu anayejitahidi asiamshe nyumba. Bibi alikuwa macho gizani, blanketi limefika kidevuni kwa baridi ya Juni. Hakujisogeza. Alijua begi ni la nani, na alijua linafungwa kwa nini.

Chumba cha pili kilikuwa cha Mwalimu Sharon, binti wa Kabwe, kule ziwani. Alikuwa amemaliza chuo cha ualimu, ajira haijatoka, akaja kujitolea kwenye shule ya msingi ya kijiji hiki kilicho juu ya uwanda, mwendo wa bodaboda kutoka Sumbawanga mjini. Alifundisha Kiingereza. Hakuwepo mwingine wa kukifundisha. Kijiji kilimpa mahindi na ulezi, Bibi Kalista akampa chumba, na huu ulikuwa mwaka wa pili.

Bibi aliishi na wageni wengi maishani mwake, akajifunza kumjua mtu kwa mambo madogo. Sharon hakuwahi kutumia maji ya mwisho ndooni bila kwenda kuchota mengine. Akirudi shuleni siku ya mvua, alikwangua tope la viatu vyake, kisha akaokota ndala za Bibi akazikwangua nazo, bila kusema lolote. Kwenye kadi ya kliniki ya Bibi aliandika jina KALISTA kwa herufi kubwa mno, ili mwenye kadi asilazimike kumwomba nesi amsomee. Mtu wa namna hiyo akifunga begi usiku, huna haja ya kuuliza kama anaumia.

Jambo lenyewe lilitokea jana yake, kwenye chakula cha jioni. Edith, mjukuu wa Bibi, alikuwa amerudi likizo kutoka sekondari ya bweni mjini. Yuko kidato cha kwanza, yeye na watoto wengine kumi wa kijiji hiki, wote waliofundishwa na Sharon darasa la saba. Walikuwa wamezunguka sinia la ugali wa ulezi na dagaa wa Kipili, na Edith, kama walivyo watoto waliokaa mbali na nyumbani, alikuwa haachi kuongea.

"Bibi, sisi wa huku shuleni tuna jina letu. Tunaitwa Ukoo wa The."

"Ukoo wa nini?"

"Wa The! Siku ya kwanza kila mtu alisimama kujitambulisha kwa Kiingereza. Mimi nikasema, 'I am the Edith. My grandmother is the Kalista.' Darasa zima wakaangua kicheko. Wakaniuliza, kwani Edith mko wangapi duniani mpaka wewe uwe ndiye? Akasimama Victor wa kwa mama Coleta: 'I am the Victor.' Mwalimu mwenyewe akageukia ubaoni tusimwone anacheka."

Edith mwenyewe alikuwa anacheka. Bibi naye alianza kucheka, akauliza bila kufikiri, "Nani tena aliwaambia mseme hivyo?"

Tonge la Sharon lilikuwa limesimama katikati ya sinia na mdomo.

"Ni mimi, Bibi," alisema.

Ilikuwa hivi. Kitabu kilisema "the" huwekwa kwenye kitu ambacho msemaji na msikilizaji wote wanakijua. Sharon akaliandika hilo ubaoni. Binti mmoja, Debora, akanyoosha mkono: "Madam, na mtu je?" Sharon akafikiri kidogo. Katika kijiji kile ni mtu gani asiyejulikana? Anajulikana yeye, mama yake na mbuzi wake. Akajibu, "Mtu anayejulikana, naye pia." Madaftari yote yakaandika, na mwaka mzima darasa likasema the Edith, the Victor, the Mwalimu Mkuu, kwa sauti moja kama watoto wanaoimba kanisani.

Edith aliona uso wa mwalimu wake, akataka kurekebisha, akaharibu zaidi. "Madam, sisi wengine tulizoea. Ni Debora tu aliyeumia. Yule kila akipita walikuwa wanamwita, 'The, njoo! The, umekula?' Aliondoka wiki moja kabla ya kufunga. Wanasema harudi tena."

Sharon akanawa mikono. Akashukuru kwa chakula, akaingia chumbani.

Sasa palikuwa karibu kupambazuka na zipu imefika mwisho. Bibi aliinuka, akajifunga kanga mbili juu ya sweta, akaenda jikoni kuwasha moto. Sharon alipotoka na begi mkononi alimkuta amesimama mlangoni, kikapu cha unga kimewekwa chini miguuni pake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umelalaje?"

"Salama." Sharon alitazama begi lake kana kwamba lilimfuata lenyewe. "Nilitaka kuwahi bodaboda. Ningekuaga kabla sijaondoka."

"Najua ungeniaga. Njia ya bodaboda inapita kwa Mwalimu Polikarp. Nisindikize basi, unga huu ni mzito."

Unga haukuwa mzito. Ulikuwa kilo mbili, na Bibi huyo huyo juzi alitoka shambani na mzigo wa kuni kichwani. Wote wawili walilijua hilo. Lakini mzee akikuomba umsindikize, husemi huna nafasi. Sharon akachukua kikapu mkono mmoja, begi mkono mwingine, wakatoka.

Umande ulikuwa mweupe kwenye mabua ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, na upepo wa uwandani ulipenya mpaka kwenye meno. Walitembea mpaka daraja la miti.

"Bibi, usinibembeleze."

"Nani anakubembeleza? Nakubebesha unga tu."

Mwalimu Polikarp alikuwa ameketi upande wa nyumba unaopata jua la kwanza, amejifunika koti la zamani, anapukuchua mahindi kwa kidole gumba. Macho yake yalikuwa yamekufa tangu miaka mitatu iliyopita. Alifundisha miaka thelathini na minane, na nusu ya wanaume wa kijiji bado waliikumbuka fimbo yake, ndiyo maana wengi walimsalimu kwa mbali wakapita. Tangu mkewe afariki baada ya Pasaka ya mwaka uliopita, waliokuja kuketi walikuwa wachache.

"Hodi kwa mwalimu."

"Karibu, Kalista. Na huyo uliyekuja naye ana mzigo. Anakanyaga upande mmoja."

"Shikamoo, mwalimu," alisema Sharon.

"Marahaba! Mtu wa ziwani huyu. Watu wa Kabwe wakisalimia utadhani wanaita mtumbwi ng'ambo."

Sharon akacheka kidogo, bila kupenda. Bibi aliona, akamshukuru mzee moyoni.

Walipewa vigoda. Bibi hakuzunguka. "Mwalimu, binti huyu amefundisha jambo nusu, na hiyo nusu imewachekesha watu mjini. Nimekuja umpe nusu ya pili."

Sharon akaeleza yote, macho chini. Alipofika kwenye Ukoo wa The, mabega ya mzee yakaanza kutikisika, kisha akashindwa, akacheka mpaka kuku wakaondoka.

"Nisamehe, binti. Sikucheki wewe. Namcheka aliyeandika kile kitabu. Yule mtoto aliyeuliza 'na mtu je' ana akili kumzidi." Akajifuta machozi kwa mkono wa koti. "Haya. Nipe punje ya mahindi."

Sharon akaokota moja kwenye ungo, akamwekea kiganjani.

"Kwa nini umenipa hii?"

"Umesema punje tu, mwalimu. Nimechukua yoyote."

"Hiyo yoyote ndiyo 'a'. Sikujali ni ipi. Shika." Akamrudishia. "Ishike vizuri. Sasa nipe ile punje."

Sharon akampa ile ile.

"Mbona hukuokota nyingine? Zimejaa ungoni."

"Umesema ile."

"Basi hiyo ni 'the'. Kazi yake ni kunyoosha kidole. Na yai?"

"'An', mwalimu. 'An egg'. Hilo nalijua."

"Unalijua. Kalista, analijua! Kumbe mnaniletea mtu anayejua." Akanyoosha mkono kutafuta kikapu, akatumbukiza vidole kwenye unga wa ulezi. "Na huu? Nihesabie huu."

"Hauhesabiki."

"Basi usiupe 'a'. Watoto wote huupa, wanauonea huruma. Sasa nisikilize. Mimi ni nani?"

"Mwalimu Polikarp."

"Hapa kijijini ukiita Polikarp, ataitika nani?"

"Wewe."

"Jina limeshaninyooshea kidole. Ukiongeza na 'the', umeninyooshea vidole viwili, na mtu akinyooshewa vidole viwili hudhani anasutwa. Ndiyo nusu ya pili. Basi. Haizidi hapo."

Sharon alikuwa amekaa wima sasa. Bibi alimwona akirudia kimya kimya kwa midomo. Mzee naye alikuwa amechangamka, ualimu umemrudia mwilini.

"Jaribu na mengine. Nisimulie kwa Kiingereza habari za mama, marehemu mke wangu. Ulimkuta."

"They were kind," alisema Sharon. "They gave me eggs when I was sick."

Mzee akainua mkono. "Kwa nini 'they'?"

"Nyumbani mtu mzima husemwa kwa wingi, mwalimu. Siwezi kumsema mama kama ninayemsema mtoto mdogo."

"Najua. Kifipa kinaheshimu hivyo, na ni vizuri. Kiingereza heshima yake kinaiweka mahali pengine. Sema 'she'. Alikuwa mmoja."

"She was kind," alisema Sharon.

Kidole gumba cha mzee kilikuwa kimesimama juu ya gunzi. "Alikuwa mmoja tu," alisema tena, kwa sauti nyingine.

Bibi Kalista akageuka kuwatazama kuku waliokuwa wanarudi, akawatazama muda mrefu kuliko kuku wanavyostahili kutazamwa. Sharon hakusema pole. Alichukua gunzi jingine, akaanza kupukuchua naye, na punje zikaangukia ungoni mbili mbili.

Baada ya muda Sharon alisema, "Asante, mwalimu. Nitayashika haya huko niendako."

"Unaenda wapi?"

"Kabwe. Nyumbani."

"Na wale watoto kumi na mmoja?"

"Mjini wana walimu. Watarekebishwa."

"Wameshaanza kurekebishwa, si umesikia? Kwa kuchekwa." Mzee aliweka gunzi chini. "Nikwambie kitu ambacho hata Kalista hakijui. Mwaka wangu wa sita kazini niligundua nimefundisha darasa zima kosa. Nililiona usiku nikisoma kitabu kipya. Asubuhi nikaingia darasani, nikafunga mdomo, nikaendelea na somo la pili yake. Niliogopa wazazi wasije wakasema mwalimu hajui. Wale watoto sasa wana wajukuu. Juzi mmoja wao alikuja kuniamkia, akanisomea barua aliyomwandikia padri wa kizungu. Kosa langu lilikuwemo, limezeeka naye. Akaniuliza, 'Mwalimu, iko sawa?' Nikamwambia iko sawa."

Alilipapasa lile gunzi, akaliokota.

"Sikuwarudia," alisema mzee. "Nilikuwa na miguu mizuri wakati ule."

Hapo Bibi akaona zamu yake imefika. "Mwanangu, mwaka ule kabla hujaja, niliwagawia majirani mbegu za maharage. Nzuri, zinang'aa. Nilizikausha juu ya moto wa jiko kwa haraka, nisijue kwamba moto umeziua ndani. Watu wakapanda, mvua ikanyesha, haikuota hata moja. Nilitamani ardhi inimeze. Lakini hapa kwetu kwa mbegu isiyoota hatumwi mtu. Aliyeitoa hupeleka nyingine badala yake, mwenyewe, kwa miguu yake, nyumba kwa nyumba."

"Walikufanya nini, Bibi?"

"Walinipa kula. Ndiyo desturi. Ukiingia na kikapu wanajua umefuata nini, lakini hawakuulizi. Wanakupa kwanza uji, au kiazi, chochote. Ukishashiba ndipo useme. Mtu hawezi kusema kosa lake vizuri na njaa."

Sharon alitazama njia inayoshuka kwenye kituo cha bodaboda. Alitazama muda mrefu. "Mbegu zina badala yake," alisema. "Mimi nitawapelekea nini?"

"Punje," alisema Mwalimu Polikarp. "Si umejifunza sasa hivi? Kalista, mjazie mfuko."

Bibi akamjazia mfuko wa sweta punje za mahindi. Kisha, kabla binti hajapata la kusema, akaliinua begi, akalitwika kichwani, akaanza kurudi njia waliyoijia.

"Bibi! Shingo yako!"

"Basi njoo upesi, nikichoka ulipokee."

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Bibi mwenyewe. Edith alikuwa anasugua sufuria uani kwa majivu, macho mekundu. Naye hakulala vizuri. Bibi alitua begi, akaingia jikoni, akatoka na kikombe cha uji wa ulezi, akampa Sharon kwa mikono miwili kama mgeni. Sharon akakielewa kile kikombe. Akanywa mpaka mwisho, akachuchumaa mbele ya mtoto.

"Edith. Nilikufundisha vibaya. Uliposimama mbele ya darasa ukachekwa, kosa halikuwa lako, lilikuwa langu. Nimekuja kulichukua."

Edith akasema kitu ambacho Bibi alikikumbuka siku nyingi baadaye: "Madam, una tope kwenye sketi." Akalikung'uta kwa mkono wenye majivu, akaliongeza. Wote watatu wakacheka, na punje zikatoka mfukoni, na kwa robo saa mbele ya ile sufuria mtoto akajua "yoyote" na "ile". Alipomaliza akasema, "Twende wote. Mimi najua nani yuko nyumbani na nani yuko shambani."

Wakazunguka. Kwa kina Bertilla walipewa uji. Kwa kina Yonas boga la kuchemsha. Kwa kina Alois uji tena, mzito, wenye maziwa. Kila nyumba Sharon alikula, akasema, akatoa punje, na kila mara sauti yake ilikuwa imara kidogo kuliko ya nyumba iliyopita. Baba yake Alois alisikiliza mpaka mwisho, akamwambia mwanawe, "Umeona? Mtu mzima ndivyo anavyokuwa." Kisha akawasindikiza mpaka barabarani.

"Bibi, nitapasuka," alinong'ona Sharon.

"Pasuka ukiwa umemaliza."

Kwa mama Coleta hawakupewa uji. Mama Coleta alikuwa anapeta ulezi, na habari zilikuwa zimeshamfikia, kwa kuwa kijijini habari hupita njia ya mkato. Hakusimama.

"Kumbe! Mwaka mzima tunambebea mwalimu mahindi, tunamwitia watoto wamchotee maji, naye anatufundishia vichekesho! Victor wangu kachekwa mbele ya watoto wa mabosi. Sasa umekuja kutafuta nini? Debe jingine?"

Edith akarudi nyuma ya Bibi. Bibi alitaka kujibu. Maneno yalikuwa yamefika kwenye meno, na yalikuwa makali. Lakini Sharon alisema kwanza.

"Ni kweli, mama. Sikutafuta debe. Nimekuja kumwambia Victor kosa ni langu."

"Mwambie basi, yule pale, ana masikio."

Victor alikuwa amesimama mlangoni akitamani kuwa sehemu ya mlango. Sharon akamwambia, kwa maneno yale yale, tumbo likiwa limejaa vya watu wengine na hapa mikono mitupu. Ilikuwa vigumu zaidi. Victor alisikiliza, akatazama punje kiganjani mwake, akasema taratibu, "Mimi nilikuwa nadhani sisi wote ni wajinga." Mama Coleta akaacha kupeta.

Walikuwa wameshatoka, wamepita mti wa mwisho wa boma, aliposikika akiita, "Nyie! Subirini!" Akaja mbio na kanga mkononi, ndani yake viazi vitamu vinne, bado vina moto. Akamtupia Sharon bila kumtazama. "Chukueni. Njia ya kwa Mayunga ni ndefu." Akageuka akaenda zake.

Bibi alimenya kiazi kimoja, akampa Sharon nusu kubwa.

Nyumba ya Mayunga ilikuwa ya mwisho, mbali, nje ya kijiji kwenye majani. Mayunga alikuja kutoka Shinyanga na ng'ombe wake miaka kumi na miwili iliyopita. Watu wa kijiji walimwita bado mgeni, ila walinunua maziwa kwake. Debora alikuwa mwanawe wa kwanza kufika sekondari. Kisukuma nyumbani, Kiswahili shuleni, Kifipa kwa marafiki. Kiingereza kilikuwa lugha yake ya nne, na alikuwa amekipenda kuliko zote.

Jua lilikuwa limeanza kushuka walipofika. Mayunga aliwapokea kwa heshima, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Hakuzijua desturi za mbegu za uwandani, hakuna aliyewahi kumweleza. Lakini alimwita mkewe, na mkewe akaleta kibuyu cha maziwa mgando, akamimina vikombe vitatu, na hakuna aliyeulizwa amefuata nini mpaka vikombe vilipokuwa vitupu. Bibi Kalista akafikiri, kumbe hata huko walikotoka wanajua.

Sharon akasema aliloliendea. Mayunga alisikiliza akichora ardhini kwa fimbo.

"Mwalimu, nakushukuru kwa kuja. Ila Debora amekataa kurudi shuleni. Nimemuuliza mara tatu. Sitamlazimisha. Ng'ombe hawamcheki."

"Naweza kumwona?"

"Yuko zizini. Tangu arudi hazungumzi na watu."

Sharon akaenda peke yake. Bibi alimfuata kwa mbali, akasimama penye mlango wa zizi, na Edith pembeni yake, kwa kuwa kuna mambo ambayo mtu hupaswa kuyasema peke yake lakini si vizuri ayaseme pasipo mtu wake karibu.

Debora alikuwa anamfunga ndama kamba. Binti mwembamba, kichwa kimenyolewa upya. Alimwona mwalimu wake, akaendelea kufunga fundo ambalo lilikuwa limeshafungika.

"Debora," alisema Sharon. Maneno aliyoyasema nyumba kumi siku ile, na mara ya kumi na moja kwa baba sasa hivi, yalimgomea. Akasimama tu kwenye samadi na viatu vyake vya shule. "Uliniuliza swali zuri. Nikakujibu vibaya. Sikujua, na sikukwambia sijui. Ni mimi niliyepaswa kuchekwa."

Ng'ombe mmoja akapiga mkia.

"Kwa hiyo si mimi niliyekosea?" Sauti ya Debora ilikuwa kavu, kama kitu kisichotumika siku nyingi.

"Hukukosea. Ulinifuata mimi."

"Usiku bwenini nilikuwa nafungua daftari. Kila usiku. Natafuta nilipokosea. Naona nimeandika kama ulivyosema, nakuta sawa. Nikasema basi akili yangu ndiyo mbovu, haioni."

Sharon akafunika mdomo kwa mkono. Bibi, pale mlangoni, aliushika ubao wa zizi. Hakuwa amefikiria hilo. Alifikiria kicheko tu, hakumfikiria mtoto anayesoma daftari sahihi kwa tochi na kuikana akili yake mwenyewe.

"Akili yako ni nzima," alisema Sharon alipoweza. "Ni nzima kabisa. Mwalimu Polikarp amesema inakizidi kitabu."

"Mwalimu Polikarp yule wa fimbo?"

"Yule yule."

Debora akatazama pembeni, na kitu kikasogea kwenye pembe ya mdomo wake. Sharon akatia mkono mfukoni kutafuta punje. Hazikuwepo tena, zote zilibaki kwenye viganja vya watu. Akatazama huku na huku, akaona ng'ombe.

"Nikisema niletee ng'ombe, yeyote..."

"'A cow'," alisema Debora.

"Nikisema niletee yule ng'ombe..."

"'The cow'. Hizo najua. Na mtu je?" Ilikuwa sauti ile ile ya darasani, mkono tu haukunyooshwa.

Sharon akaanza kueleza habari za kidole na jina, akakwama katikati, akarudi mwanzo. Debora alimsikiliza, kisha akageuka akamshika ng'ombe mweupe shingoni.

"Huyu anaitwa Sabuni," alisema. "Nikiita Sabuni, wengine hawageuki. Anageuka yeye. Kwa hiyo ameshajulikana. Sina haja ya kumwongezea." Akafikiri. "Na mimi ni hivyo hivyo. 'I am Debora.'"

"Ndiyo," alisema Sharon. "Ndiyo hivyo, na umeeleza vizuri kuliko mimi."

"Mbona hukueleza hivyo tangu mwanzo?"

"Nilikuwa sijui, Debora. Nimejua leo asubuhi."

Hapo Debora alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha kushangaa, cha mtoto anayesikia mwalimu akisema sijui. Edith akacheka naye kutoka mlangoni, na Debora akamwona, akamwita kwa Kisukuma jina la utani walilopeana bwenini, na Edith akaruka mlango wa zizi badala ya kuufungua.

Bibi akarudi kwa Mayunga. Alimkuta amesimama, amesikia kicheko, fimbo imemponyoka mkononi hajaiokota. Bibi akainama akaiokota, akampa.

Jua lilipogusa majani walianza kuaga. Hakuna aliyetaja habari ya shule kufunguliwa. Bibi alimkonyeza Edith asitaje. Mama yake Debora alijaza kibuyu kidogo cha kupeleka nyumbani. Walikuwa wameshafika njiani waliposikia miguu nyuma yao. Debora alisimama hatua chache, mikono nyuma, kama wanavyosimama mbele ya meza ya mwalimu.

"Madam. Edith ameniambia ulifunga begi."

"Nililifunga."

"Bado unaondoka?"

Sharon alimtazama Bibi Kalista, na Bibi akatazama kwingine, kwa kuwa jibu hili halikuwa lake.

"Hapana," alisema Sharon. "Nipo."

Debora akaitikia kwa kichwa, akasugua unyayo mmoja juu ya mwingine. "Kuna ile ya 'he' na 'she'. Nayo walinicheka. Sijawahi kuielewa vizuri." Akatazama ng'ombe, akatazama chini. "Kesho uje tena, madam. Njoo asubuhi, tutakuwa tunakamua."